Sura ya Nne: Kubomoa Matengenezo

Karibu nyumba moja kati ya kila tano nchini Uingereza ilijengwa kabla ya mwaka 1919. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, ambako kijana akishika hela kitu cha kwanza ni kutafuta kiwanja, huchukua muda kulizoea jambo hili. Kwetu nyumba unaianza mwenyewe, kwenye msingi, na hata ikikushinda njiani unabaki na maboma ya kuwaonyesha wageni. Hapa mtu wa kipato cha kawaida hanunui ardhi akajenga. Ananunua nyumba waliyozaliwa na kufia humo watu asiowajua, kisha anaanza kugombana nayo.

Mama yangu hakulikubali. Kila nikimpigia simu aliuliza lile lile: "Mwanangu, kwa hela zote hizo, si mngejenga mpya tu?" Nilimweleza kwamba nyumba mpya hujengwa na makampuni, mamia kwa mpigo, nje kabisa ya mji, na vyumba vyake ukiingiza kitanda mlango haufunguki vizuri. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kwenye hiyo ya zamani kuna popo.

Popo hawakuwepo, na tulishukuru, maana sheria ya hapa inamlinda popo tangu 1981 kiasi kwamba akishalala darini mwako huligusi paa bila kibali. Kilichokuwepo ni unyevu.

Nyumba yenyewe iko Leicester, mji wa katikati ya nchi ulionenepa mwishoni mwa karne ya 19 kwa soksi na viatu. Viwanda vilitaka wafanyakazi, wafanyakazi walitaka pa kulala, na wajenzi wa mitaani wakapandisha safu kwa safu za nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Yetu ni ya miaka ya 1890. Ramani yake unaweza kuichora umefumba macho: sebule mbele, chumba nyuma, ngazi nyembamba katikati, jiko limetokeza uani, bafu limeunganishwa nyuma ya jiko. Juu vyumba vitatu, na cha tatu hukifikii bila kupita cha pili. Matofali mekundu, paa la vigae vya mawe kutoka Wales, na dohani mbili ambazo siku hizi zinawafaa njiwa tu. Sheria ya hewa safi ya 1956 ndiyo iliyoanza kuubana moshi wa makaa mijini, na miaka iliyofuata meko zikazibwa nyumba kwa nyumba.

Tulihamia, tukakarabati tukiwa ndani. Sababu ilikuwa hela, kwani mkopo wa nyumba na kodi ya kupanga kwingine havikutosha kwenye mfuko mmoja. Lakini hata angetokea mtu wa kutulipia pango, leo ningemshukuru na kubaki. Nyumba ya zamani inataka uikae kabla hujaigusa. Uione mvua ikiipiga, uione baridi ikipenya, ujue ni ukuta gani unatoka jasho na saa ngapi. Anayemkabidhi mkandarasi funguo akarudi mwishoni hukuta nyumba nzuri iliyotibiwa ugonjwa isiokuwa nao.

Raha haikuwepo. Jiko lilipovunjwa, upishi ukahamia chumba cha kulala cha nyuma: jiko la umeme la sahani moja, birika, na maikrowevu juu ya kabati la nguo. Vyombo tulivioshea kwenye beseni la kuogea, tumepiga magoti. Vumbi la lipu ya zamani halina mlango. Linapita chini, linapita kwenye zipu ya turubai la plastiki ulilonunua kulizuia, na jioni unalikuta kwenye sukari. Ramadhani ilitukuta humo humo. Futari ilikuwa uji, tende na sambusa za kununua Belgrave Road, tumekalia mifuko ya mchanga, watoto wakiona ni sherehe na mume wangu akihesabu soketi ambazo bado zinafanya kazi.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni jinsi umiliki unavyohama. Mwanzoni wewe ndiye mwenye nyumba na fundi ni mgeni. Baada ya muda unajikuta umeshavaa na kujitanda kabla ya saa mbili asubuhi kwa sababu ndiyo saa wanayoingia, unajua nani anaweka sukari mbili na nani haweki, na siku moja unasimama nje ya sebule yako unapiga hodi. Nao wanajibu, "Subiri kidogo."

Turudi kwenye unyevu, maana ndio uliokula akili zetu kuliko kitu chochote.

Alipita kwanza mkaguzi na kile kipimo chenye sindano mbili. Akakichoma kwenye ukuta wa sebule, kikalia. Baada yake akaja mtu wa kampuni ya kutibu unyevu, naye kikamlilia vile vile. Makadirio yake yalikuwa kung'oa lipu yote hadi kimo cha mita moja, kutoboa ukuta safu nzima ya matundu, kusindilia dawa ya kuzuia maji yasipande kutoka ardhini, kisha kupiga lipu mpya ya saruji. Bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu anyevue shati. Lakini kipimo kile kilibuniwa kwa ajili ya mbao. Hakipimi maji. Kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya sindano mbili, na ukuta wa miaka mia na zaidi umejaa chumvi zinazoupitisha umeme hata siku ukuta ukiwa mkavu.

Tulimwambia tutamjulisha, tukaendelea kukaa. Na kwa kukaa tukaona ambayo kipimo hakisemi. Sebule ililowa siku za mvua ya upepo wa kusini-magharibi, ndio upepo mkuu wa nchi hii, na ililowa juu, usawa wa bega. Maji ya ardhini hayaruki mita moja na nusu yakapaacha chini pakavu. Jikoni hadithi ilikuwa nyingine: kuvu jeusi lilitokea pembeni mwa dirisha, mahali penye baridi kuliko pote, na lilinenepa wiki za kupika sana na kuanika nguo ndani. Familia moja hutoa lita kadhaa za maji hewani kila siku kwa kupika, kuoga, kufua na kuvuta pumzi tu. Kwetu mvuke huo hutoka kwenye matundu ya juu ya ukuta na hakuna anayeuwaza. Hapa kila tundu limezibwa kwa kuogopa baridi, mvuke unazunguka mpaka unakuta kioo. Feni ya kutoa hewa na dirisha lililofunguliwa wakati wa kupika vilimaliza kuvu la jikoni kwa gharama isiyofika hata robo ya ile dawa.

Sebule ilitaka tuelewe ukuta wenyewe. Ukitaka kujua ukuta wa Kiingereza ni wa aina gani, simama barabarani uyaangalie matofali. Yakiwa yote yamelala kwa urefu, yaelekea ni kuta mbili nyembamba zenye nafasi katikati, mtindo ulioenea kuanzia miaka ya 1920. Ukiona tofali refu, halafu kichwa cha tofali, halafu refu tena, ukuta ni mmoja tu, unene wa tofali zima, kama sentimita 22. Mvua inaingia humo, na waliojenga walijua kwamba inaingia. Walichounganishia matofali ni chokaa na mchanga, kitu laini chenye vitundu. Hali ya hewa ikitulia, maji hutokea pale pale kwenye viungo.

Kisha ikaja saruji. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, alipewa hataza ya saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824, lakini ilichukua karibu miaka mia kuiondoa chokaa mikononi mwa mafundi wa nyumba za kawaida. Ukuta wetu wa mbele viungo vyake vilikuwa vimejazwa saruji, kazi ya miaka ya 1970 kwa kukisia, safi, ya kijivu, imenyooka. Aliyeifanya alikuwa fundi hasa, na alilipwa ili kuikinga nyumba. Ila saruji ile ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Maji yakishaingia kwenye ufa usioonekana kwa macho hayapati pa kutokea isipokuwa kwenye uso wa tofali, na usiku wa Januari yakiganda humo, uso unabanduka. Chini ya dirisha letu matofali kadhaa yalikuwa yameliwa hadi ndani, huku viungo vya saruji vimechomoza nje vikiwa vizima kabisa.

Mtu wa pwani haoni ajabu hapo. Kuanzia Lamu hadi Kilwa watu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Babu yangu, aliyekuwa na nyumba ya mawe Pangani, alimfukuza fundi aliyekuja na mfuko wa saruji kuziba baraza. "Hiyo inafunga," alisema, na hakueleza zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una ugomvi huo huo hadi leo: mwenye nyumba anapiga saruji juu ya ukuta wa chokaa ili kazi idumu, na baada ya misimu michache lipu inavimba na kudondoka vipande vizima, imeshikilia ganda la jiwe. Sikutarajia elimu ya babu kunifaa katikati ya Uingereza, kwenye mvua ya mshazari.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa ya kwanza haikuwa kujenga chochote. Ilikuwa kuondoa matengenezo ya mtu mwingine, na hivyo ndivyo ilivyoendelea kuwa karibu kila chumba.

Mwashi tuliyempata alikuwa Mwingereza aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache na thamosi kubwa. Mashine ya kukatia hakuitumia, alisema inakula kingo za matofali na kingo hazirudi. Alitumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, akiipiga saruji katikati ya kiungo kwanza ili ipasuke, kisha akaichokonoa kuelekea katikati, asiiegemeze tindo kwenye tofali hata mara moja. Chini ya ganda la saruji, chokaa ya zamani ilikuwa ingalipo, ya rangi ya maziwa, na ukiipangusa kwa kidole inaacha unga. Kwenye unga ule mlikuwa na vipande vyeusi vya makaa. Alinionyesha kimoja kwenye kiganja, akasema ni mabaki ya tanuri walimochomea chokaa, halafu akakitupa kwenye ndoo ya kifusi na kuendelea.

Mchanganyiko wake ulikuwa chokaa sehemu moja na mchanga wa chenga kali sehemu kama tatu. Ukuta aliulowesha kwanza, maana tofali kavu hunyonya maji ya chokaa kabla haijashika. Akaisukuma ndani kwa mwiko mwembamba usiozidi upana wa kiungo, akaiacha ikazane, kisha akarudi na burashi ngumu akaigongagonga, tap, tap, tap, mpaka chenga za mchanga zikatokeza. Mwisho akafunika ukuta wote kwa magunia na kuyanyunyizia maji. Majirani walipita wakishangaa nyumba iliyovaa magunia. Sababu ni kwamba chokaa haikauki tu kama tope. Inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe taratibu, na jua au upepo ukiiwahi inabaki unga. Baridi nayo ni adui. Chini ya nyuzi joto 5 kazi inasimama, kwa hiyo katika nchi hii chokaa ina msimu, kama kilimo, na ukikosa miezi ya joto unasubiri mwaka mwingine na magunia yako stoo.

Baada ya hapo kuna kusubiri kwingine. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukuta uliolowa hukauka kwa mwendo wa mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu. Piga hesabu kwa ukuta wa sentimita 22. Ndio maana makampuni ya dawa yanapendwa: yanamaliza wiki hiyo hiyo, yanaacha cheti, na lipu mpya ya saruji inauficha unyevu kwa miaka ya kutosha mwenye nyumba kuuza na kuondoka.

Ndani kulikuwa na tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1962 BBC ilirusha wiki kwa wiki kipindi ambacho Barry Bucknell, mtu maarufu sana wakati huo, aliikarabati nyumba chakavu ya Ealing, magharibi mwa London, watazamaji wakiwa nyumbani na penseli mkononi. Taifa zima likajifunza kufunika. Milango yenye paneli ilipigiliwa hadibodi ili iwe bapa na isishike vumbi, nguzo za ngazi zikazibwa, meko zikafichwa. Miaka mia moja ya seremala ikapotea chini ya shiti moja na misumari midogo. Milango yetu yote ilikuwa hivyo. Kung'oa hadibodi ya mlango mmoja ni kazi ya robo saa, na chini yake ulikuwepo mlango wa msonobari wa paneli nne, rangi ya kahawia iliyopakwa kwa burashi ya kuiga mistari ya mbao ghali. Kuondoa gundi na kuziba matundu ya misumari ndiyo iliyochukua wikiendi.

Dari hazikuwa na mzaha huo. Miaka ya 1970 watu walipenda dari iliyopigwa lipu ya mapambo na kuchorwa mawimbi au vishada kwa burashi, na lipu nyingi za namna hiyo zilichanganywa asbesto, ambayo Uingereza haikuipiga marufuku yote kabisa hadi 1999. Tulipeleka kipande maabara, majibu yakaja kwamba imo. Hapo fundi mwenye akili hakwangui. Dari iliyotulia haina madhara kwa anayelala chini yake, madhara yako kwenye vumbi. Tuliiacha ilipo, tukafunika kwa mbao za jipsamu. Naam, nasi tukafunika. Atakayekuja baada yetu atatusema.

Madirisha ndiyo niliyoyafanya kwa mikono yangu, na sijui kazi nyingine ya nyumba inayompa mtu furaha kama ile. Dirisha la wakati ule halifunguki kwa bawaba. Ni vioo viwili katika fremu zinazopanda na kushuka, na kinachozibeba hakionekani: ndani ya miimo ya pembeni, ambayo ni masanduku matupu, kunaning'inia vyuma vya uzito vilivyofungwa kwa kamba, na kamba imepita juu kwenye kapi. Uzito ukilingana na fremu, unaisogeza kwa kidole kimoja nayo inabaki ulipoiacha. Letu la mbele halikuwa limesogea pengine tangu kabla sijazaliwa, limegandamana kwa rangi juu ya rangi. Rangi za zamani zina madini ya risasi, kwa hiyo hukwangui kavukavu, hasa penye watoto. Nililowesha, nikapitisha kisu cha bapa kwenye mshono, milimita kwa milimita, nikazunguka pande zote. Kisha chini ya mwimo nikaona alama hafifu ya mstatili. Ni kidirisha cha ubao ambacho seremala alikikata makusudi ili siku kamba ikikatika mtu aweze kuufikia uzito. Kilikuwa kimezibwa na rangi hiyo hiyo. Nilikichokoa, nikaingiza mkono gizani, na vidole vikagusa chuma baridi kimelala chini na kipande cha kamba iliyooza shingoni. Kamba mpya ilikuwa bei ya mikate michache. Nilipoifunga na kurudisha ubao, dirisha likapanda kwa sauti ya chini, na baridi yote ya barabara ikaingia sebuleni. Mume wangu, aliyekuwa kwenye kochi, aliniuliza kama sasa linaweza kushuka.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuja kuliangalia. Ni bibi wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda, na Kiswahili chake ni kile cha madukani na jikoni, chenye sarufi yake mwenyewe, na akikizungumza anapendeza. Tulifahamiana kwa sababu ya sheria. Sheria ya kuta za pamoja ya 1996 inataka anayegusa ukuta aliochangia na jirani ampelekee taarifa ya maandishi miezi miwili kabla. Nilitumbukiza barua rasmi mlangoni mwake. Jioni akaja nayo mkononi, mkono mwingine umeshika sahani ya chapati zilizofunikwa.

"Wewe naandikia mimi barua ya nini, mtoto yangu? Mimi iko hapa. Ukuta iko hapa. Piga hodi tu."

Alifika Leicester mwaka 1972, baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 waondoke. Baraza la mji huu lilikuwa limelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus la kuwaomba wasije, kwamba nyumba, shule na hospitali zimejaa. Wengi hapa husema tangazo lile ndilo lililowajulisha kwamba kuna mji unaoitwa Leicester. Walikuja, wakaingia viwandani, wakanunua nyumba ambazo wenyeji walikuwa wakizikimbia: baridi, choo uani, maji ya moto hakuna. Mitaa mingi ya namna hii ilikuwa kwenye foleni ya kubomolewa. Kilichoibakiza ni sheria za makazi za 1969 na 1974, zilizohamisha hela za serikali kutoka kwenye tingatinga hadi kwenye ruzuku za kurekebisha. Kwenye maeneo yaliyoonekana kuwa na hali mbaya zaidi ruzuku ilifika robo tatu ya gharama. Mtu alipata bafu, choo cha ndani, bomba la maji ya moto, paa lisilovuja.

Bibi alinipeleka kwake nikaone. Saruji ukuta mzima, madirisha ya plastiki, milango bapa, meko imezibwa na mbele yake pamewekwa kabati la vyombo vya chuma cha pua. Kila kitu nilichokuwa nakibomoa kwangu kwake kilikuwepo, na palikuwa na joto tele. Nilipojaribu kumweleza habari za saruji na matofali aliniacha nimalize.

"Sisi nakuja hapa Novemba," alisema. "Watoto wanne. Choo iko nje, theluji iko nje. Fundi nasema bas, naweka simenti, naweka bafu, nafunga upepo yote. Mimi nalia kwa furaha. Wewe sasa nafungua upepo?"

Sikuwa na la kumjibu la maana, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Vitabu vya ukarabati vya nchi hii, na nimesoma vingi, huwasema watu wa miaka ile kana kwamba waliharibu kwa ujinga. Walikuwa wanaokoa watoto wao na kifua. Saruji ile ni mbaya kwa tofali, hilo sitalirudia. Lakini bila hiyo saruji na hilo bafu la nyuma ya jiko, mtaa huu leo ungekuwa egesho la magari, nami nisingekuwa na kiungo cha kukwangua.

Serikali ya leo imechagua njia nyingine. Ukijenga nyumba mpya kabisa kodi ya ongezeko la thamani ni sifuri. Ukiitengeneza ya zamani unayoishi, kazi nyingi zinatozwa asilimia 20 juu ya fundi na vifaa vyake. Wakati huo huo wanasiasa wanatuhubiria habari za mazingira. Tofali ambalo limeshachomwa mwaka 1890 halihitaji kuchomwa tena, lakini kwenye hesabu za kodi hilo halina safu yake. Matokeo yake kila mwenye nyumba anajifunza lugha ya taslimu, na fundi anakuuliza huku anaangalia pembeni kama utahitaji risiti.

Lipu ya ndani ilipigwa na Mpolandi, mmoja wa wengi waliokuja baada ya Uingereza kufungua soko lake la kazi Mei 2004. Alikuwa na kasi ya ajabu kwenye jipsamu, na chokaa hakuitaka kabisa. Aliona ni kazi ya makumbusho. Dari ya chumba cha nyuma ilikuwa bado ile ya asili, papi za mbao zilizopigiliwa kwenye boriti na chokaa yenye nywele za mnyama imesukumwa katikati yake. Sehemu iliyoshuka alitaka kuiangusha yote. Yule mwashi mzee akampandisha ngazi, akamwonyesha jinsi chokaa ilivyojipinda nyuma ya papi na kushika. Waliongea kwa vidole zaidi ya maneno. Kesho yake Mpolandi alikuja na skrubu na visahani vya chuma, akaivuta dari juu taratibu mpaka ikarudi mahali pake, na tangu hapo kila fundi aliyeingia nyumbani alipelekwa kuiona.

Ukuta wa sebule ulikauka kwa mwendo wake. Tuliuacha bila rangi kipindi chote hicho, madoa yakififia kutoka kingoni kuelekea katikati, na wageni wakajifunza kutouliza. Mwishowe tukaupaka chokaa ya kupaka, nyembamba, mikono kadhaa.

Na ndipo fundi wa paa alipopanda kuangalia kigae kimoja kilichochomoka. Vigae vya mawe vya Wales vinaweza kuishi zaidi ya miaka mia, vyenyewe havina shida. Misumari ndiyo inayokufa. Ikishaliwa na kutu, kigae kinashikiliwa na kigae mwenzake na bahati, na ukisharudishia kimoja, cha pili kinateleza. Alishuka na misumari mitatu kiganjani, yote imebaki sindano. Alisema paa zima livuliwe, vigae vizima vipangwe upya kwa misumari ya shaba, na kwamba gharama kubwa wala si vigae, ni jukwaa la kusimamia. Akatazama juu akaongeza kwamba la jirani lilijengwa siku moja na letu, kwa hiyo misumari ni ndugu.

Nilipiga hodi, safari hii bila barua. Bibi alitoka na miwani yake, akaangalia paa lake, akaangalia letu, akauliza jukwaa moja likisimama kwa nyumba mbili tunapunguziwa kiasi gani. Nikamwambia fundi bado hajasema, atakuja Jumamosi na makadirio.

"Vizuri," alisema. "Wewe nasema na yeye Kiingereza. Mimi nakaa pale kwa kiti. Yeye nataja bei, mimi nakohoa."